Sayansi ya data katika shule ya msingi: sifuri si sawa na kutopima

Kila zinapotangazwa habari za kufundisha sayansi ya data katika shule za msingi, picha inayoambatana na tangazo huwa ni ya watoto walioinamia vishikwambi ndani ya chumba chenye mapazia, ilhali mwalimu aliyewatoa wanafunzi wake nje kwenda kupima mvua au kuhesabu vipepeo kwenye bustani ya shule huambiwa kwamba anafundisha mazingira tu. Mwalimu wa vishikwambi anaweza kuwa hafundishi sayansi ya data hata kidogo, na huyu wa bustanini anaweza kuwa ameifundisha tangu saa tatu asubuhi.

Sayansi ya data, kwa ufupi, ni kazi nzima inayoanza na swali linaloweza kujibiwa kwa kupima au kuhesabu, ikapitia uamuzi wa nini kipimwe, lini na kwa namna gani, kisha utunzaji na ukaguzi wa kumbukumbu, hadi kutoa jibu na kueleza ni wapi jibu hilo linaweza kukosea. Kompyuta huingia pale data zinapokuwa nyingi kuliko mkono unavyoweza kuzimudu. Mwanatakwimu wa Marekani John Tukey, aliyetetea mwaka 1962 kwamba uchambuzi wa data ni taaluma pana kuliko hisabati ya takwimu, alibuni mbinu nyingi za kufanyika kwa kalamu na karatasi. Jina lenyewe la sayansi ya data lilitumiwa na Peter Naur wa Denmark mwaka 1974, na takriban mwaka 2008 likawa cheo cha kazi katika kampuni za intaneti za Marekani. Nashuku ni cheo hicho kilicholeta mapazia.

Hayo yatoshe kwa maana. Linalohitaji nafasi zaidi ni tofauti ambayo wengi huiruka, nayo ni kwamba kukusanya data si sawa na kuokota kuni, kwa kuwa data hazijalala uwanjani zikisubiri mtu wa kuziinua. Data hutengenezwa kwa maamuzi, na uchunguzi wa nje ya darasa una thamani kwa sababu huko mtoto huyaona maamuzi hayo yakifanyika mikononi mwake, wakati kwenye kioo cha kishikwambi huletewa jedwali ambalo mtu mwingine alikwisha kuliamulia kila kitu.

Chukua mfano wa kipimamvua cha chupa ya plastiki, ambacho darasa la tano laweza kukitengeneza kwa kipindi kimoja. Chupa hukatwa karibu na mabega, sehemu ya juu ikageuzwa na kutumbukizwa kama faneli, ambayo pia hupunguza maji yanayopotea kwa jua; kitako chenye mabonde hujazwa kokoto na maji mpaka mahali palipo sawa, kisha mstari wa sifuri ukachorwa hapo na rula ikabandikwa kuanzia mstari huo. Upana wa mdomo ukiwa sawa na upana wa chupa yenyewe, kila milimita ya kina ni milimita moja ya mvua, yaani lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya uwanja. Chupa hiyo ikiwekwa chini ya mwembe itasoma mvua ya mwembe, na ikiegeshwa ukutani itasoma upepo wa upande mmoja, ndiyo maana kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa hutaka kipimo kikae mbali na kizuizi kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Makundi mawili yakisoma milimita 14 na milimita 9 kwa mvua ileile, mwalimu asiharakishe kuuliza nani amekosea, kwani pengo la milimita 5 ndilo somo lenyewe.

Kinachonikera zaidi hutokea Jumatatu. Wanafunzi husoma chupa saa tatu asubuhi, wakati uleule ambao vituo vya hali ya hewa vya Tanzania na Kenya husoma mvua ya saa 24 zilizotangulia. Wamesoma Ijumaa, wakaimwaga, wakaenda nyumbani, na Jumatatu wanakuta milimita 27. Jedwali ubaoni lina nafasi ya Jumamosi na Jumapili, na kwa kuwa nafasi tupu humwonyesha mwanafunzi kama mtoro, huandikwa 0 na 0, halafu Jumatatu 27. Baada ya miezi miwili ya masika darasa huchora grafu ya nguzo na kugundua kwamba Jumatatu ndiyo siku yenye mvua nyingi kuliko siku zote za juma. Grafu ni safi, rangi zimepakwa vizuri, hesabu zote ni sahihi, na hakuna ukweli ndani yake.

Sifuri ni kipimo: maana yake ni kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta hakuna maji. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda. Mambo haya mawili huonekana kama mamoja kwa anayetazama karatasi, lakini hutoa majibu tofauti kabisa. Katika GLOBE, mpango wa kimataifa wa wanafunzi kupima mazingira yao, ulioanza mwaka 1995 na ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanachama, kumbukumbu ya mvua inayowekwa na wanafunzi hueleza pia maji yamejikusanya kwa siku ngapi, ili 27 ya siku tatu isije ikasomwa kama 27 ya siku moja. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufikishwa mbali zaidi ya hapo: akiulizwa ni hesabu zipi zimeharibiwa na sifuri zile mbili, ataona kwamba jumla ya mvua ya mwezi haikuguswa, lakini idadi ya siku za mvua imepungua na mvua kubwa kuliko zote ya siku moja imetiwa chumvi. Akipendekeza kuigawa 27 kwa tatu na kuandika 9 kila siku, pendekezo lake si baya, mradi aandike pembeni kwamba zile 9 zimekadiriwa.

Pengo likiwa kubwa zaidi, madhara huwa makubwa zaidi. Nchini Kenya likizo ya kufunga muhula wa kwanza huangukia Aprili, katikati ya masika, na shule itakayojaza likizo hiyo kwa sifuri itahitimisha kwamba mwezi wa mvua nyingi ni mwezi wa kiangazi. Mtambo wa kupima hali ya hewa unaojiendesha wenyewe, kama mitambo ambayo TAHMO, mradi wa vituo vya hali ya hewa barani Afrika, umeisimika katika shule kadhaa, hupunguza tatizo la likizo, lakini jani au utando wa buibui ukiziba faneli yake, mtambo huo nao utatuma sifuri kwa bidii ileile, na ni lazima awepo mtu wa kushangaa kwa nini hapa pakavu wakati barabara imejaa matope.

Walimu wa Tanzania wana mfano wa karibu zaidi wa data kutengenezwa kwa maamuzi, kwani vishikwambi vingi walivyogawiwa ni vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kilichoifanya sensa hiyo ieleweke ni uamuzi uliofanywa kabla kifaa hakijawashwa, kwamba kila mtu ahesabiwe mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, iwe ni nyumbani kwake, hospitalini au nyumba ya wageni. Bila uamuzi huo msafiri angehesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa, na kishikwambi kisingelalamika. Darasa linalohesabu vipepeo hukabiliwa na swali hilohilo pale kipepeo mmoja anapoondoka kwenye ua na kurudi, na inafaa wanafunzi wabishane juu yake na kuandika walichokubaliana kabla ya kuanza kuhesabu.

Kwa hiyo kipindi cha kufungua programu, kuandika namba na kubonyeza mpaka grafu itokee kiitwe kwenye ratiba kwa jina lake la TEHAMA, ambalo ni la heshima na lina kazi yake. Naye mwalimu ambaye daftari la mvua la darasa lake lina nafasi mbili tupu kila mwisho wa juma, na maneno “siku tatu” yakiwa yameandikwa kando ya namba ya Jumatatu, asiombwe kuzijaza ili jedwali lipendeze mbele ya mkaguzi.