Elektroni haina habari na macho yako

Ukishaeleza jaribio la nyufa mbili, ambapo elektroni zikipita kwenye nyufa mbili nyembamba huchora milia kwenye skrini kama mawimbi, na milia hufutika njia zilizopita ikijulikana, swali linalokuja ni lile lile: "Kwa hiyo mtu akiitazama, elektroni inabadilika?" Dakika tano baadaye mazungumzo yameshafika kwenye nguvu za mawazo. Hapana! Elektroni inapita gizani, ndani ya ombwe (mahali pasipo hewa), na hakuna anayeitazama. Kinachofuta ile milia ni kitu chochote kinachobaki na alama ya njia iliyopitwa, mtu awepo au asiwepo.

Ushahidi uko Vienna. Mwaka 1999 watafiti wa huko walipata milia kwa molekuli za C60, kila moja ina atomi 60 za kaboni. Baadaye wakatumia C70 na kuingiza gesi kidogo kidogo kwenye ombwe. Gesi ilivyozidi, milia ikazidi kufifia. Kisha wakazipasha molekuli moto kwa leza kabla hazijafika kwenye nyavu zenye nyufa. Molekuli ya moto hutoa fotoni (chembe za mwanga), na fotoni huondoka na habari za mahali ilipokuwa. Milia ikatoweka. Fotoni hizo hakuna aliyezikusanya wala kuzisoma, ziliishia kwenye kuta za chombo. Sasa akili ya mtu imeingilia wapi?

Walimu, lifuteni neno "kutazama" ubaoni, andikeni "kuacha alama". Nusu ya maswali yataisha hapo.

Eti milia inatokana na elektroni kusukumana zikiwa nyingi? Mwanafizikia Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani, walilimaliza hilo mwaka 1989. Badala ya nyufa walitumia uzi mwembamba wenye chaji, elektroni zikipita upande huu au ule, na elektroni za volti 50,000 wakazipitisha moja moja. Kumi za mwanzo ni nukta zilizotapakaa ovyo. Zilipofika maelfu, milia ikajitokeza. Na hakuna elektroni moja inayopaka skrini nzima: kila moja, nukta moja.

Mpira nao ni wimbi? Kupata urefu wa wimbi lake, gawanya namba ya Planck, 6.6 × 10⁻³⁴, kwa tungamo (kwa kilo) mara kasi. Mpira wa gramu 430 ukienda mita 20 kwa sekunde unapata kama mita 8 × 10⁻³⁵; ufa wa kuupimia haupo. Wimbi la elektroni za Tonomura lina urefu wa pikomita 5 hivi (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita).

Anayetaka kuona milia nyumbani abandike unywele kwa selotepu mbele ya leza nyekundu, aielekeze ukutani umbali wa mita 2, kamwe si machoni. Unywele wa milimita 0.08 hutoa milia inayoachana milimita 16 hivi. Ukiona doa tupu, unywele umekaa pembeni ya mwale.