Programu huria shuleni na nafasi za kazi kwa wanafunzi

Shule nyingi huanza kutumia programu huria kwa sababu hazidai ada ya leseni. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini kwa maoni yetu ndiyo nyepesi kuliko zote. Faida kubwa ni kwamba msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiunda programu, uko wazi, hivyo mwanafunzi anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuyarejesha mabadiliko yake ili yatumiwe na watu asiowajua. Linus Torvalds alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoitangaza programu yake ya Linux mwaka 1991, na leo ndiyo kiini cha mfumo wa simu za Android.

Hata hivyo, kuweka LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, katika maabara ya kompyuta na kuwafundisha wanafunzi kuandika barua hakutoshi. Somo lenyewe huanza pale wanapoingia katika mradi unaoendelea. Tuchukulie mwanafunzi amegundua kwamba maelekezo ya kusakinisha programu fulani yameruka hatua moja. Kwa kutumia Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, anachukua nakala ya mradi, anafungua tawi lake (sehemu ya kufanyia mabadiliko bila kuugusa mradi wenyewe), anaongeza sentensi inayokosekana, kisha anaandika ujumbe mfupi kueleza amebadilisha nini na kwa nini. Msimamizi wa mradi anamjibu kwamba sentensi ni sahihi, ila imewekwa mahali pasipofaa. Anairekebisha, anaituma tena, inapokelewa. Kazi hiyo ni ya mistari miwili tu, lakini imemfundisha kusoma kazi ya mwenzake, kujenga hoja kwa maandishi na kukubali kusahihishwa mbele za watu. Tunawasihi walimu wasiiharakishe hatua hii, hata kama muhula mzima utazaa mchango mmoja tu.

Kumbukumbu za mchango huo hubaki hadharani pamoja na tarehe yake, na mwajiri anaweza kuzisoma mwenyewe badala ya kutegemea cheti pekee. (Kwa walio chini ya umri wa utu uzima, ni vyema kutumia jina la kubuni, na mwalimu afuatilie mawasiliano yao.)

Wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza, mshahara utatoka wapi ikiwa programu yenyewe hutolewa bure. Hutoka katika huduma: kuendesha seva, kulinda mifumo, kurekebisha programu zikidhi mahitaji ya taasisi, kutafsiri, kuandika miongozo na kutoa msaada wa kiufundi. Kampuni ya Red Hat ilijengwa juu ya huduma za aina hiyo, na mwaka 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 34 za Marekani. Kampuni zinahitaji pia watu wanaoelewa leseni, kwa mfano kwamba leseni huria ya GPL humtaka anayesambaza programu iliyobadilishwa atoe na msimbo wake chini ya leseni hiyohiyo, ilhali leseni ya MIT haimlazimishi.

Kwa anayemaliza shule, mlango mmoja ulio wazi ni Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka 2005, ambao huwalipa posho washiriki wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wanaofanya kazi katika miradi huria chini ya wasimamizi. Waombaji huandika pendekezo la kazi, na miradi mingi hutazama kwanza kama mwombaji amewahi kutuma marekebisho yoyote.