Mtikisiko wa ubongo: kujifungia gizani hakuponyi

Wengi huamini kwamba aliyepata mtikisiko wa ubongo, yaani jeraha la ubongo litokanalo na pigo la kichwa, alale kwenye chumba chenye giza hadi dalili zote ziishe. Mapumziko hayo yanafaa saa 24 hadi 48 za mwanzo tu, na hata wakati huo kutembea taratibu kunaruhusiwa. Yakizidi, mwili hupoteza stamina, usingizi huvurugika na kizunguzungu hung'ang'ania.

Dalili zikidumu zaidi ya wiki 4, mtaalamu wa fiziotherapia hupima mapigo ya moyo yanayozizidisha, mgonjwa akiwa kwenye baiskeli ya mazoezi. Yakiwa 140 kwa dakika, basi zoezi la kila siku hufanywa kwa asilimia 80 hadi 90 ya hayo, yaani mapigo 112 hadi 126, takriban dakika 20. Kichwa kuuma kidogo zaidi hakumaanishi ubongo unaumia upya, punguza kasi. Dalili, kwa makadirio yako mwenyewe ya 0 hadi 10, zikipanda zaidi ya pointi 2, acha, kesho urudi kwa kiwango cha chini.

Shingo husahaulika mno, ilhali huweza kuwa ndiyo chanzo cha maumivu. Ipimwe, pamoja na macho na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja ni jambo jingine: hospitali mara moja.