"Did" ndiye mgumu wa sentensi

Masika yakishika na wageni wakipungua mlimani, darasa langu la Kiingereza hapa Majengo, Moshi, hujaa waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi wetu wa Kilimanjaro. Swali lao halibadiliki: mwalimu, hii "do" haina maana yoyote, mbona imo?

Huwa naanza na Kiswahili. "Sikukuona." Neno moja, lakini mna ukanushi, mtendaji, wakati, mtendwa na tendo lenyewe. Kitenzi chetu hupanda na mizigo yake yote mgongoni. Cha Kiingereza hakiwezi, huajiri wagumu. "I did not see you": maneno matano, na mzigo wa wakati uliopita kaubeba "did" peke yake. Kwa kuwa keshaubeba, "see" anatembea mikono mitupu. Ndiyo maana "I did not saw you" ni kosa: furushi moja limetwishwa watu wawili. (Enzi zangu shuleni hili tulielezwa kwa fimbo tu.)

Ile "s" ya nafsi ya tatu ni vivyo hivyo. "He climbs." Ukiuliza, inahama kichwa: "Does he climb?"

Kosa linaloninyima raha ni la kule kambi ya Barafu, mwongozaji anapomgeukia mgeni: "Do you tired?" Kosa hilo lina akili. Kwetu kuchoka ni kitenzi, kwa hiyo kijana kakitafutia msaidizi. Lakini "tired" ni kivumishi, hakina miguu, lazima "be" akibebe: "Are you tired?" Na "be" ni mbabe, hamwiti "do" amsaidie kuuliza, anaruka mwenyewe mbele ya mtendaji. Kuchoka, kushiba, kulewa, kukasirika: kwetu vyote ni vitenzi, kwao ni "be" na kivumishi. Hapo mimi nawaambia wakariri tu.

Juzi mmoja akanibana: "Ticha, basi 'He must go', ile 's' kaibeba nani?" Hakuna. "Must", "can" na "may" kwa asili yalikuwa maumbo ya wakati uliopita, na wakati uliopita hauna "s" hiyo. Hata "he saw" haina. Akaniangalia, kisha akafuta "he cans" kwenye daftari lake.