Mchomoko wa samaki mchanga: harufu ya adui na maficho ya matumbawe

Mchomoko ni ule mruko wa ghafla wa samaki aliyeshtuka. Mwili hujikunja mfano wa herufi C, mkia hupiga, samaki huyoo. Mara nyingi huanzishwa na jozi ya seli kubwa za neva zilizo upande wa nyuma wa ubongo, ziitwazo seli za Mauthner, na yote huisha kabla hujapepesa jicho. Hupimwa kwa muda wa kuitikia, kasi na umbali.

Samaki wa mwambani huliwa zaidi siku za mwanzo tu baada ya kutoka bahari kuu akiwa lava, yaani kichanga aliyetoka kwenye yai. Ana sentimita moja au mbili, na wengi wa adui zake yeye bado hajawajua. Humfundisha pua. Ngozi ya samaki ikichanika hutoa kemikali ya tahadhari, jambo alilolieleza Karl von Frisch mwaka 1938. Samaki mchanga akiinusa kemikali hiyo pamoja na harufu ya chewa, hata mara moja tu, huikariri harufu ya chewa. Siku nyingine akiinusa harufu hiyo bila ile kemikali hupunguza kula, husogea karibu na maficho, na akishtuliwa huwahi kuchomoka.

Hapo ndipo maficho yanapoingia. Mtazame Dascyllus aruanus, kale keupe kenye mistari mitatu myeusi, anayepatikana Australia. Tikisa mkono juu ya tumbawe lenye matawi: kundi zima huzama ndani, kila mmoja akisogea sentimita chache tu. Ukipima umbali peke yake utasema ni wazembe. Sivyo, mlango uko jirani, mbio ndefu za nini? Kinachohesabika ni upana wa pengo: limpitishe yeye, limzuie chewa. Palipopigwa baruti pakabaki kifusi, mapengo hayo huzibika. Ila matawi yana gharama yake: huziba macho, na chewa naye huvizia humo humo. Ndiyo maana harufu huwa na uzito zaidi penye msongamano wa matawi.

Wingi wa mabonde na vilima vya mwamba hupimwa kwa mnyororo unaolazwa ukifuata mabonde yote: wa mita 10 ukifika mita 5 tu kwa mstari ulionyooka, uwiano ni 2.

Mchomoko wenyewe hupimwa tangini. Kizito hudondoshwa ndani ya bomba ambalo mdomo wake unakaribia kugusa maji, ili samaki asikione kikija, huku kamera ya kasi ikirekodi kutoka juu. Muda huanza kizito kinapogusa maji. Kundi moja hutiliwa harufu ya adui; la kulinganisha hutiliwa maji ya bahari matupu, kiasi kile kile na joto lile lile. Samaki akigonga ukuta, au akiwa mbali mno na kizito, kipimo hicho hakifai. Kosa baya zaidi halionekani kwenye video: tangi lisilosuuzwa. Harufu ya jaribio la asubuhi ikibaki, samaki wa kulinganisha naye huwa keshaonywa, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta inapotea.