Mshipa uliojikaza si mshipa ulioziba

Mgonjwa anaingizwa chumba cha kupima mishipa ya moyo kupitia mkononi, katheta, yaani mrija mwembamba wa kipimo, inakwama, daktari anahamia kinenani. Kabla ya jioni ukoo mzima umeshaambiwa kuwa mshipa wake wa mkono "umeziba kwa mafuta", na kesho yake anapigwa marufuku nyama ya mbuzi.

Mshipa haukuziba. Ulijikaza, yaani misuli iliyo ndani ya ukuta wake ilibana ghafla na njia ya damu ikawa nyembamba.

Ateri hiyo, ile ya upande wa dole gumba tunayoishika tukipima mapigo, kwa kawaida ina upana wa milimita 2 hadi 3 tu. Mrija unaopitishwa humo unaweza kukaribia milimita 2.5 kwa nje. Tena ukuta wake una misuli mingi, na misuli hiyo huitikia upesi adrenalini inayomwagika mtu akiogopa au akiumia. Ndiyo maana tatizo hili huwapata zaidi wanawake, watu wenye mikono midogo, na hata vijana, ambao ndio tungetarajia wawe na mishipa safi.

Mafuta hujijenga ukutani kwa miaka, wala hayayeyuki mgonjwa akiwa mezani pa kipimo. Mshipa uliojikaza hupewa dawa za kuulegeza, nitrogliserini au verapamili, kupitia mrija uleule, mgonjwa akatulizwa, wakasubiri, na mara nyingi ukalegea. Usipolegea, kinena kipo. Kuhamia huko si kushindwa: kinena kilitumika miaka mingi kabla daktari Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, hajachapisha kazi yake ya kupitia mkononi mwaka 1989.

Kuziba kwa mshipa wa mkono kupo pia, lakini huko ni damu kuganda baada ya kipimo, si mafuta. Ndiyo sababu hutolewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kile kibano kinachofungwa mkononi baada ya kipimo hakikazwi kiasi cha kuikomesha kabisa damu kupita mshipani. Wengi wanaozibwa hivyo hawahisi chochote, kwa kuwa kiganja hupata damu pia kupitia ateri ya upande wa kidole kidogo.

Kwa hiyo ndugu wakiuliza, waambieni mshipa ulijikaza. Habari za mafuta waulize kwenye picha za mishipa ya moyo yenyewe. Zikionyesha yapo, nyama ipunguzwe kwa sababu hiyo, mkono usisingiziwe.