Kupunguziwa milioni mbili siyo kupata bei nzuri: tunayodanganyana kwenye kununua gari

Jamani tuongee kuhusu hii sentensi, "nimepunguziwa milioni mbili na nusu." Kazi yangu ni kusaidia watu kuagiza na kununua magari hapa Dar, na hii kauli naisikia kwa karibu kila mteja anayekuja kuniomba nimkagulie gari ambayo ameshaitolea advansi. Anakuja na furaha kabisa, ukimuuliza gari ya mwaka gani anababaika, ukimuuliza TRA (mamlaka ya mapato) wanaitoza kodi kiasi gani hajui, ila alichopunguziwa anakijua mpaka shilingi ya mwisho. Nimechoka kuisikia, hii na nyingine za aina yake nitakazozitaja mojamoja hapa chini, ndo maana naandika.

Tuelewane kwanza, nikisema gari mpya namaanisha ile ambayo wengi wetu tunaita mpya, yaani imeshuka bandarini kutoka Japani, bado haijasajiliwa au ndo imetoka kupewa namba. Zero kilomita za kampuni, yaani zile ambazo hazijawahi kutumiwa na mtu, nitazigusa mwishoni.

"Nimepunguziwa, kwahiyo nimepata bei nzuri"

Umepunguziwa kutoka wapi? Kutoka kwenye bei aliyoitaja muuzaji mwenyewe! Yeye anajua utaomba upunguziwe, kila mtu anaomba, kwahiyo punguzo lako ameshalipandisha juu kabla hujakanyaga yadi. Akitaja milioni 25 akashuka hadi 22 na nusu wewe unaona umeshinda, kumbe jirani yake anaiuza ileile kwa 20 na nusu ila hapunguzi hata mia, na wewe ulimpita ukasema "yule mgumu, hana lugha ya biashara." Huyo mgumu ndo alikuwa na bei yako.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba gari ya Japani haina siri ya bei, labda kuliko bidhaa nyingine yoyote unayonunua mjini hapa. Ina vipande vitatu tu. Cha kwanza ni CIF, yaani gari pamoja na meli na bima mpaka bandari ya Dar, na kampuni kama BE FORWARD na SBT Japan zinaweka bei hizo mtandaoni wazi kila siku, unaangalia ukiwa umekaa kitandani. Cha pili ni kodi, na TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unachagua aina ya gari, modeli, mwaka, ukubwa wa injini, kinakuletea jumla yote. Cha tatu ni gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili, hapo piga simu kwa mawakala wawili watatu uwaulize, hawakutozi kwa kuuliza. Jumlisha. Hiyo ndo gharama ya gari mpaka inasimama mbele yako na namba yake, na kila shilingi iliyo juu ya hapo ni faida ya muuzaji.

Tufanye mfano, namba za mfano tu siyo bei ya sokoni. Gari ndogo ya cc 1500, ina zaidi ya miaka kumi. CIF milioni 8. TRA kwa mfumo wao wenyewe wanaithaminisha milioni 9 na kodi inakuja kama milioni 9.1. Bandari, wakala na namba weka milioni moja na nusu. Jumla 18.6. Sasa ukiambiwa 25 unajua kuna milioni 6.4 juu yake, ukishushiwa hadi 22.5 bado kuna karibu milioni 4, na yule wa 20.5 ana kama milioni 2 hivi. Baada ya hapo swali la nani kakupunguzia ngapi halina maana tena, unaangalia tu nani yuko karibu na 18.6.

Sisemi muuzaji asipate faida. Hela yake ilikaa kwenye meli wiki kadhaa, ikakaa yadi, analipa pango na walinzi, na hatari yote ya gari kufika ina tatizo kaibeba yeye, wewe unakuja unaiwasha unaisikiliza injini na kuizunguka kabla hujatoa hela. Hiyo ina thamani yake na mtu anayetaka gari leo lazima ailipie. Ninachokataa ni mtu kulipa faida ya milioni nne bila kujua kuwa analipa milioni nne. Ukijua ukakubali, sawa kabisa, ni hela yako.

Kwahiyo namna ya kuongea bei iko hivi. Nenda na hesabu yako kwenye karatasi, siyo kichwani, na usianze na "boss mwisho ngapi," hiyo inamwambia kuwa huna namba yako. Mwambie gari ya mwaka huu, cc hizi, nimeona CIF ni kiasi hiki, kodi kiasi hiki, gharama nyingine kiasi hiki, mimi niko tayari kukupa hapa. Halafu nyamaza. Kama gari yake ina kitu cha ziada, tairi mpya, hali nzuri kuliko zile za mtandaoni, mwache aeleze, anaweza kuwa na haki. Muulize pia gari imekaa yadi tangu lini, maana iliyokaa muda mrefu imeshamfungia mtaji na anaanza kuichoka, hapo ndo pana nafasi ya ukweli ya kushuka. Na kabla hamjashikana mikono uliza bei hiyo inabeba nini, kodi imelipwa au gari bado iko bondi (ghala la forodha, kodi haijalipwa), kadi inatoka kwa jina lako au utajigharamia kubadili umiliki, bima imo au haimo. Nimeona watu wanashushiwa laki tano mchana, jioni wanazilipa zote kwa mlango wa nyuma.

Kuna ndugu yake hii imani, ile ya kuanza na nusu ya bei. Shati la Kariakoo unaweza kutajiwa elfu 40 ukaondoka nalo kwa 20, gari haiwezi, kwasababu karibu nusu ya bei yake inaweza kuwa ni hela iliyoenda serikalini na muuzaji hawezi kuirudisha. Ukimtajia nusu anakuona hujui unachonunua, na kuanzia hapo anaongea na wewe kama mtu asiyejua.

"Nitaandikiwa invoisi ndogo ili kodi ishuke"

Hii nayo inanitoa jasho. TRA hawaikokotoi kodi ya gari iliyotumika kwa kuamini karatasi yako, wana mfumo wao wa uthamini unaoangalia modeli, mwaka na injini. Ndo maana hata kama umembana muuzaji wa Japani akakupunguzia dola 500, kodi inabaki palepale. Punguzo umelipata kweli ila ni kwenye CIF peke yake, usilipigie hesabu mara mbili. Na invoisi ya uongo ni kosa la forodha, mtu anayekushauri hivyo siku ya matatizo humuoni.

"Gari ya zamani zaidi ndo nafuu"

Huko Japani ndiyo. Hapa kwetu kuna ushuru wa uchakavu, gari binafsi ikiwa na miaka 8 mpaka 10 inaongezewa asilimia 15 na ikizidi miaka 10 inaongezewa 30, na hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na injini (mpaka cc 1000 hakuna, mpaka 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo 10), halafu VAT asilimia 18 inakuja kuvikalia vyote. Vinapandana, yaani kodi inatozwa juu ya kodi. Kwa injini ya cc 1500 ukipiga hesabu pamoja na tozo ndogo ndogo, iliyo chini ya miaka 8 kodi yake ni kama asilimia 57 ya thamani, iliyozidi miaka 10 kodi ni kama asilimia 101. Soma tena hapo, kodi inazidi thamani ya gari yenyewe.

Sasa chukua gari ya miaka 7 yenye thamani ya milioni 13, kodi kama 7.4, jumla 20.4. Chukua ya miaka 11 yenye thamani ya milioni 10, kodi 10.1, jumla 20.1. Tofauti ya milioni tatu kule imekuwa laki tatu huku! Na bado mtu ananiambia achukue ya zamani "abane matumizi." Mimi ushauri wangu huwa ni huohuo kila siku, kabla hujapenda gari yoyote pitisha miaka miwili mitatu tofauti ya modeli hiyohiyo kwenye kikokotoo, kuna sehemu ukiongeza kidogo unapata gari changa zaidi. Angalia mwaka wa kutengenezwa, siyo ule wa kusajiliwa Japani, vinaweza kupishana. Na viwango huwa vinaguswa kwenye bajeti ya Juni na kuanza Julai mosi, kwahiyo ukiwa unaagiza mwezi wa tano hesabu na hilo. Ndugu zetu wa Kenya wao hii hesabu ya uchakavu wa miaka 10 hawana kabisa kwasababu gari iliyozidi miaka 8 haiingii kwao, ila na wao mamlaka yao ya mapato, KRA, ina orodha yake ya bei inayotumia kutoza kodi, kwahiyo somo la invoisi linawahusu vilevile.

"Ni namba E hiyo, bado mpya"

Herufi ya kwenye kibao cha namba inakwambia gari imesajiliwa Tanzania lini, basi. Gari ya 2005 ikiingia leo inapewa namba ya leo. Watu wanaongeza milioni nzima kwasababu ya herufi. Uliza mwaka, angalia kadi.

"Ina kilomita elfu 60 tu, ndo maana bei iko juu"

Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma na fundi mmoja mwenye laptop, kwahiyo usilipie kilomita zisizo na karatasi. Magari mengi ya Japani yamepita mnadani na yana karatasi ya mnada yenye kilomita, gredi (4 na 4.5 ni nzuri, R maana yake imewahi kupata ajali ikatengenezwa) na michoro ya kila mkwaruzo. Kuna pia cheti cha Japani cha kuruhusu gari kusafirishwa nje, nacho kinaonyesha kilomita. Omba hizo karatasi, zilinganishe na namba ya chasisi. Akisema zimepotea, basi na kilomita zimepotea, mlipe kama ya kilomita laki na nusu.

"Dalali ni mtu wangu"

Dalali anakula kwa cha juu, yaani anachoongeza juu ya bei ya mwenye gari. Wakiwa watatu kwenye mnyororo, cha juu ni tatu, na wewe ndo unazilipa zote. Wapo wazuri na nafanya nao kazi, ila kubaliana naye ada yake waziwazi mwanzoni, na bei ongea na mwenye gari mkiwa mmekaa watatu.

"Marejesho ya mwezi nayamudu, kwahiyo bei iko sawa"

Hapa watu wanaumia kimyakimya. Ongea bei ya gari kwanza, ifunge, ndo muende kwenye mkopo. Halafu uliza riba ni ya flati (inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka unamaliza) au inapungua kadri deni linavyopungua. Milioni 20 kwa asilimia 18 miaka mitatu, ikiwa flati riba yako ni milioni 10.8 na unalipa kama 856,000 kwa mwezi. Ikiwa ya kupungua, asilimia 18 hiyohiyo, unalipa kama 723,000 kwa mwezi na riba yote ni milioni 6 hivi. Tofauti ya karibu milioni 4.8 kwa kutouliza swali moja. Umehangaika wiki nzima kushushiwa laki nane yadi!

"Wao wanauza kwa dola tu"

Hapana. Kanuni zilizoanza Machi 28, 2025 zimekataza kuweka bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi. Kuagiza mwenyewe Japani ni kitu kingine, huko unalipa dola au yeni kwa benki, na unalipa kwenye akaunti ya kampuni siyo ya mtu binafsi hata akiwa na lugha tamu kiasi gani. Ila yadi ya hapa Dar ikutajie shilingi.

"Zero kilomita za kampuni hazipunguzwi"

Bei ya kwenye karatasi kweli mara nyingi haisogei sana, wanauzia mashirika na serikali na hawamuhitaji sana mtu mmoja mmoja. Lakini kuna vitu vinasogea: sevisi za bure, waranti ndefu, matairi ya ziada, bampa, tinti, na gari ya modeli ya mwaka uliopita ambayo imebaki stoo. Uliza hiyo ya stoo kabla ya kuuliza ile ya mbele kwenye kioo. Chukua profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya maandishi kutoka kwa wauzaji wawili wa magari yanayofanana, angalia inaisha lini na kama kodi na usajili vimo, halafu mpelekee kila mmoja ya mwenzake.